Shaibu na Ajuza: Neno Juu ya Mvi za Mwanamke

Lugha yetu ina maneno mawili ya kuwatajia watu waliokula chumvi nyingi. Mwanamume akizeeka sana huitwa shaibu. Mwanamke huitwa ajuza. Aghalabu maneno haya hutajwa pamoja, kama mume na mke waliozoeana, hata tukadhani kwamba maana yake ni moja na tofauti yao ni ya jinsia tu. Lakini hebu tuyafuate mpaka kwao yalikotoka. Yote mawili ni ya Kiarabu. Shaibu ni mwenye mvi, na asili yake ni neno litajalo weupe wa nywele. Ajuza latokana na mzizi wenye maana ya kushindwa na kutoweza. Ni ndugu wa baba mmoja na ajizi, neno tulitumialo kila siku juu ya ulegevu na uvivu. Kwa hiyo mwanamume mzee alitajwa kwa nywele zake, na mwanamke mzee kwa kushindwa kwake. Mvi zimewaota wote wawili, ila mmoja tu ndiye aliyepewa jina kwazo.

Msomaji aweza kutuambia kwamba maneno hayakumbuki yalikozaliwa: asemaye ajuza hana habari ya mzizi wa Kiarabu, na asemaye shaibu hamtazami mtu nywele. Ni kweli. Wala hatukusudii kuilaumu lugha ya watu wengine, maana maneno yetu wenyewe ya Kibantu hayana usawa zaidi. Mzee ni cheo. Wakenya walimwita rais wao wa kwanza Mzee Jomo Kenyatta, na jina hilo likamkaa kichwani kama kilemba. Lakini mwanamke wa umri uleule huitwa bibi kizee. Ile ki- tuiwekayo kwenye vitu na vidogo imemshukia yeye. Asili imesahauliwa, lakini matumizi yamebaki palepale.

Tumeanza na maneno kwa sababu sisi ni waalimu wa lugha, na kwa mwalimu wa lugha neno ni mlango. Swali tulilokusudia kuliingia ni hili: mwanamke aliyeota mvi ana haki gani juu ya kichwa chake mwenyewe? Azifiche, aziache, au azipambe? Laonekana swali dogo, la kuzungumzwa kibarazani wakati wa kusukana. Lakini huku kwetu, baina ya mji wa Mbarara na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, limebeba mzigo ambao si wa urembo peke yake.

Kwanza yafaa tujue mvi ni nini. Katika kila tundu la unywele mna chembe hai zitengenezazo rangi iitwayo melanini. Unywele unapoota huipokea rangi hiyo; chembe zikipungua au zikichoka, unywele huota bila rangi, na jicho huuona mweupe. Umri wa kuanza kuota mvi hutegemea sana urithi wa ukoo. Kwa wastani Waafrika huanza katika miaka ya arobaini na kitu, nyuma ya Wazungu, ambao huanza katika thelathini na kitu. Wazee husema pia kwamba mashaka huleta mvi, na mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba mfadhaiko mkali huamsha mishipa ya fahamu, nayo huzimaliza chembe mama za rangi. Panya si binadamu, lakini usemi wa wazee haukuwa upuuzi. Basi mvi hazisemi kwamba mwenyewe amepata hekima, wala kwamba amekwisha. Zasema tu kwamba rangi imekoma katika tundu la unywele. Mengine yote tumeyaongeza sisi wanadamu.

Na waliokutana Nakivale waliongeza mengi. Makazi hayo, yaliyo katika Wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani sana barani Afrika. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza nchini mwao mwaka 1959. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo, na leo wakazi wamepita laki moja. Kila taifa lilikuja na desturi yake ya kichwa. Katika Rwanda ya zamani nywele zilikuwa kitambulisho: wasichana wasioolewa, na wanaume pia, walizichonga kwa mtindo wa amasunzu, na mama aliyezaa alivaa urugori, utepe wa bua la mtama ulioizunguka kichwa kuwa alama ya heshima ya uzazi. Wasomali huzitia mvi hina zikawa na rangi ya machungwa. Hapo hina haimfichi mzee bali humtangaza, kwa kuwa nywele nyeusi za kijana haziipokei rangi ile kwa ukali huo. Wakongo walikuja na ufundi wa kusuka kwa mkono na kwa uzi. Wenyeji wao, Wanyankole, watu wa ng'ombe wenye pembe ndefu, walizoea tangu zamani kujipaka siagi mwilini. Na mvi zenyewe huitwa imvi kwa Kinyarwanda na Kirundi, envi kwa Kiganda, mvi kwa Kiswahili: neno moja lililovuka mipaka yote pasipo kibali.

Lakini mambo ya siku hizi yamezipa mvi kazi mpya, nayo ni kutoa ushahidi. Wako akina mama wazee waliozaliwa pasipo kuandikwa popote, na wako ambao karatasi zao zilibaki katika nyumba zilizochomwa. Karani aandikapo hukadiria mwaka, na siku huwa mara nyingi tarehe 1 Januari. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi humhesabu mtu kuwa mzee aanziapo miaka 60. Raia wa Uganda nao hawakuepukana na jambo hili. Posho ya serikali kwa wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, ambayo katika sehemu kubwa ya nchi hupewa waliofikisha miaka 80, hufuata mwaka ulioandikwa katika kitambulisho cha taifa. Na bibi aliyeandikwa mdogo kuliko alivyo hawezi kumwonyesha karani kichwa chake kuwa hoja. Kisha fedha za msaada zikapungua. Mnamo Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi walio Uganda katika mafungu matatu kwa kadiri ya uhitaji wao, na fungu moja likakosa msaada wa chakula kabisa. Mwaka 2025 waliondolewa wengine wengi zaidi.

Basi na tuifikirie hali ya mama wa miaka hamsini na minane, mjane, mwenye wajukuu watatu wa kulisha. Pale makazini, kadiri kichwa chake kilivyo cheupe ndivyo atakavyosadikiwa asemapo kwamba nguvu zimempungukia. Akipanda gari kwenda Mbarara kutafuta kazi ya kufua, ya kupika au ya kuuza vitenge dukani, kadiri kichwa chake kilivyo cheupe ndivyo atakavyoambiwa upesi kwamba nafasi zimejaa. Kichwa ni kimoja, na mizani ni mbili. Upande mmoja mvi ni chakula, upande mwingine ni njaa. Mtu akimwona amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi siku ya safari ya mjini, kisha amekifungua siku ya kuhesabiwa, asikimbilie kumwita kigeugeu. Yafaa aulize kwanza ni nani aliyezitengeneza mizani hizo.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wakimbizi na maskini tu. Nchini Kanada, Lisa LaFlamme, msomaji mkuu wa habari wa televisheni ya CTV, aliacha kupaka nywele rangi mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19. Mwaka 2022 aliondolewa katika kiti chake baada ya miaka 35 ya kazi. Wakuu wake walisema ni uamuzi wa biashara. Watazamaji wengi waliuliza kama si mvi. Aliyemtangulia katika kiti hicho, Lloyd Robertson, alistaafu mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 77. Huko hawasemi Kiswahili, lakini shaibu na ajuza wako.

Na kwetu kuna hatari iliyo kubwa kuliko kukosa kazi. Katika Usukuma, nchini Tanzania, kwa miaka mingi vikongwe wa kike wenye macho mekundu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, kumbe wekundu ule ni wa moshi wa mafigani ambako wamepika maisha yao yote. Katika Kivu ya Kusini, ambako wengi wa majirani zetu wa Nakivale walitoka, mwaka 2021 zilitangazwa habari za wanawake wazee waliouawa kwa shutuma iyo hiyo. Aliyetoka katika nchi ya namna hiyo hawezi kuzitazama mvi zake katika kioo kama azitazamavyo mtu aliyelala salama siku zote. Kwake weupe ule waweza kuwa fedheha, na waweza kuwa hatari. Anayemwambia kwa wepesi kwamba mvi ni heshima na azifunue ajiulize kama yuko tayari kusimama mlangoni pake usiku.

Sasa twaweza kulikabili swali lenyewe. Je, mwanamke azipakaye mvi zake piko anasema uongo? Wako wasemao ndiyo, maana amejionyesha kijana naye si kijana. Sisi twaona kwamba uongo ni kumnyima mtu ukweli anaostahili kuupata. Amwajiriye mfuaji anastahili kujua kama mikono yaweza kufua. Rangi ya nywele haimhusu. Aulizaye lisilomhusu hana haki ya kulalamika akijibiwa kwa piko. Ubaya wa piko uko mahali pengine. Kwanza uko katika dawa yenyewe, kwa kuwa rangi nyingi nyeusi za nywele zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo huwavimbisha baadhi ya watu uso na kuwatoa malengelenge. Pili, ni utumwa usio na mwisho: nywele hukua kiasi cha sentimeta 1 kwa mwezi, na kila mwezi mzizi mweupe hurudi kudai malipo. Tatu, na hili ndilo kubwa, apakaye kwa hofu hujizoeza kukiona kichwa chake kama kosa linalopaswa kufichwa.

Dini zilizo na wafuasi wengi hapa zimelitazama jambo hili kwa makini. Kitabu cha Methali katika Biblia, sura ya 16, chazifananisha mvi na taji, na Walawi sura ya 19 yaagiza mwenye mvi asimamiwe kwa heshima. Katika hadithi za Mtume imepokewa kwamba Abu Quhafa, baba yake Abu Bakar, aliletwa siku ya kufunguliwa Makka kichwa kikiwa cheupe pe, na Mtume akaagiza weupe ule ubadilishwe, lakini rangi nyeusi iepukwe. Wanazuoni wamelijadili sana agizo hilo, nasi hatuna haja ya kuwafundisha kazi yao. Twaona tu kwamba waliotangulia walipambanua kati ya kuupamba umri na kuukana. Lakini aliyeletwa siku ile alikuwa mwanamume, na katika kutumia mafundisho haya jamii zetu zimekuwa nyepesi kumvika taji babu na nzito kumvika bibi.

Wako na walio upande wa pili. Hawa husema: mwanamke mzee, tena mkimbizi, tena mjane, ana kazi gani na mapambo? Nyuma ya swali hili mna dhana kwamba mapambo ya mwanamke ni deni lake kwa mwanamume, na mdai akifa deni limekwisha. Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimwusia ajipambe na kunukia kwa ajili ya mume. Tunaufundisha utendi huo nasi twauheshimu. Lakini tusisahau kwamba aliyeutunga alikuwa mwenyewe mjane, mgonjwa, aliyekwisha kumzika Bwana Mataka wa Siyu. Na mjane yule hakunyamaza kwa kuwa mume amekwisha. Alipamba maneno, akamwachia binti urithi. Basi ikiwa lugha ya mjane yaweza kupambwa pasipo mume wa kuisikia, kwa nini kichwa chake kisiweze?

Tena wasemao hivyo hawajatazama vizuri kusukana ni nini. Mwenye kusukwa huketi chini, juu ya mkeka au kigoda, na msusi huketi juu yake akakiweka kile kichwa baina ya magoti. Bibi aliyewasuka mabinti na wajukuu sasa ameketi pale walipoketi wao. Kwa saa nzima, au mbili, mikono ya mtu mwingine imo kichwani pake. Mjane aweza kukaa miezi pasipo kuguswa na mkono wa mtu ila mkono wa karani amshikaye kidole kukiweka kwenye mashine ya alama. Mkono wa msusi haumuulizi mwaka aliozaliwa. Humuuliza kama anaumia, kama asogeze kichwa, kama mistari iende nyuma au iende kando. Hayo ni maswali ambayo mwanadamu huulizwa akiwa bado na hiari. Hapo pana heshima ambayo haihitaji mume wala hati.

Na ufundi wa kuzipamba mvi upo, ila hutajwa kidogo. Nywele nyeupe aghalabu ni kavu na kakamavu kuliko nyeusi. Hutaka mafuta mara kwa mara, yawe ya nazi kama wafanyavyo wa pwani, au mengine yapatikanayo sokoni. Hazipendi kuvutwa sana, hasa pembeni mwa paji, ambako nywele za mtu mzima zimekwisha kuwa haba. Msusi hodari hazizungushi ovyo. Huzifuata zilipoota, zilizo kwenye panda za uso na zilizo juu ya paji, akazipa mstari wake, weupe ukatembea kati ya weusi kama uzi katika mkeka. Hata mtindo mwepesi kama twende kilioni, ambao mabibi huuona ni wa haraka tu, hupata sura mpya mistari yake ikiwa na rangi mbili. Aliyechoka kusuka aweza kuzikata fupi na kuzichana vizuri. Aliyependa hina ana njia iliyopitwa na wengi kabla yake. Apendaye kitambaa na akifunge kwa sababu kinampendeza, si kwa sababu ameaibika.

Lakini hatuna budi kujihadhari na kosa la upande mwingine, nalo ni kuzigeuza mvi kuwa amri. Twasema penye wazee haliharibiki neno, na ni kweli mara nyingi. Lakini twasema pia kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na methali hiyo haikutaja rangi. Wako wenye mvi wasio na busara, na wako wasionazo walio na busara. Tukimwambia kila mwanamke kwamba lazima azionyeshe mvi ili awe mkweli, tutakuwa tumemwondolea mzigo mmoja na kumtwika mwingine. Haki tunayoitetea ni ya mwenye kichwa. Jukumu ni la wenye kutazama. Wao ndio waliogeuza kichwa cheupe kuwa sababu ya kumnyima mtu kazi au kumtuhumu kwa uchawi, na kama kuna wa kubadilika kwanza, ni wao.

Na miongoni mwa watazamaji hao tumo sisi waalimu. Ni sisi tuwapao wanafunzi hadithi ambazo ndani yake bibi kizee ni mchawi wa msituni au mgonjwa wa kuhurumiwa, na mara chache sana ni mtu mwenye neno la kusema. Ni sisi tuwaandikishao ajuza na kikongwe katika orodha ya msamiati, tusiwaulize kama mabibi zao wangependa kuitwa hivyo. Hatusemi maneno hayo yafutwe. Lugha haisafishwi kwa kufuta. Twasema yafundishwe pamoja na historia yake, na yawekwe kando ya maneno ya majirani. Wanyankole humwita mwanamke mzee omukaikuru, na ndani ya neno hilo yasikika -kuru, ndugu wa -kuu yetu, ile iliyo katika mkuu na wakuu. Wanyarwanda husema umukecuru, na mtoto aliyelelewa vyema hulitamka kwa adabu. Hawa walimwona mwanamke aliyezeeka, wakatazama ukubwa wake kabla ya udhaifu wake.

Pengine kazi nzuri ya kuwapa wanafunzi wetu wa Nakivale na Mbarara katika muhula ujao ni ndogo tu: kila mmoja amwulize bibi aliye karibu naye nywele zake zilisukwaje alipokuwa msichana, zilisukwaje siku ya arusi yake, na angependa zisukweje leo, kisha ayaandike majibu kwa Kiswahili safi. Tutapata majina ya mitindo ambayo hayamo katika kamusi zetu. Tutapata na jambo jingine lililo bora zaidi. Swali la tatu, la leo, laweza kuwa halijaulizwa kwa miaka mingi, na wako mabibi ambao, wakiisha kulijibu, wataketi mkekani na kukiinamisha kichwa ili jibu lao lianze kusukwa.